Seti ya kutengeneza waini nyumbani: zile wiki sita ni za kujaza chupa, sio za kunywa

Haya wakuu, hizi seti za waini za kwenye boksi watu wananiuliza sana, ni kweli unapata waini ya kueleweka au ni juisi ya zabibu imechacha tu unajidanganya nayo. Inatoka waini, tena waini safi kabisa, ila boksi lenyewe limeandikwa kiujanja, linakuahidi wiki sita hivi, usipojua kulisoma utamaliza kazi yote vizuri, utafungua chupa ya kwanza palepale halafu utaanza kuwaambia watu hizi seti ni utapeli. Mimi nimeshapiga nyeupe na nyekundu, za mfuko mdogo na za mfuko mkubwa, kwahiyo naongea kitu nilichokionja.

Ninayoongelea ni ile ya kawaida ya lita 23, ukijaza kwenye chupa za mililita 750 unatoka na chupa kama 30. Ndani ya boksi kuna mfuko mkubwa wa juisi ya zabibu iliyopunguzwa maji mpaka ikawa nzito, halafu kuna vipakiti vidogo vidogo: hamira ya waini, bentonaiti, potasiamu metabisalfaiti, potasiamu sobeiti, dawa mbili za kusafishia waini mwishoni, na kwenye nyekundu unakuta na vipande vya mti wa mwaloni. Kama huna kitu kabisa kuna boksi la pili la vifaa, humo kuna ndoo ya lita 30 hivi yenye mfuniko, chupa kubwa ya lita 23, mpira wa kuhamishia, kijiko kirefu, haidromita, na kile kidude cha plastiki unachotia maji kidogo ukakichomeka juu ya chupa kubwa, gesi inatoka inabubujika ila hewa ya nje haipiti. Chupa za kujazia hazimo, na mara nyingi vizibo navyo hamna, na hilo wanaliandika kwa maandishi madogo pembeni huko, kwahiyo anza kukusanya chupa kabla hata hujaoda.

Mfuko ndo kila kitu. Seti zote zinaishia lita 23, tofauti ni kiasi gani ni juisi na kiasi gani ni maji yako mwenyewe ya bombani. Zile za bei ya chini zina mfuko wa lita 7 au 8, za katikati zinaenda 10 mpaka 12, zile za juu mfuko unafika lita 16 hadi 18 na wewe unaongeza maji kidogo tu. Mfuko mdogo maana yake juisi imeondolewa maji mengi kiwandani, na yakitoka maji zile harufu nyepesi za zabibu zinaondoka nayo. Kwahiyo achana na picha ya shamba la mizabibu iliyochorwa kwenye boksi, achana na jina la zabibu lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu, tafuta lita za mfuko zimeandikwa wapi, na kama hazijaandikwa popote hiyo nayo ni taarifa.

Nyeupe inavumilia mfuko mdogo. Nimekunywa nyeupe ya mfuko mdogo ikiwa baridi na sikuwa na la kulalamika. Nyekundu haivumilii hata kidogo, rangi ipo, kilevi kipo, ila mdomoni haikai, unameza imeshaondoka. Ukitaka nyekundu lipia mfuko mkubwa, na ukiona ile yenye kifuko cha pembeni cha maganda ya zabibu chukua hiyo, maana maganda ndo yanaleta tanini, ile hali ya kukaza ulimi ambayo bila hiyo waini nyekundu inakuwa kama juisi ya watu wazima. Ila ujue maganda yanapanda juu na povu, ndoo ikiwa imejaa sana utapiga deki usiku, na kila siku inabidi uyazamishe kwa kijiko yasikauke juu.

Kazi yenyewe ya kwanza ni simpo mno. Bentonaiti (ni udongo, udongo kweli, wala sio jina la kibiashara) unaikoroga kwenye maji ya moto, unamimina juisi, unaongeza maji mpaka mstari wa lita 23, halafu unakoroga kwa nguvu zako zote mpaka mkono ulegee. Hapa kuingiza hewa ni ruksa kwasababu hamira inataka oksijeni mwanzoni ili izaliane. Ikishaanza kazi na kumaliza, oksijeni inageuka adui, waini inapoteza uhai inakuwa na ladha ya tunda lililokatwa likaachwa mezani. Kijikaratasi cha maelekezo hiki hakisemi, kinakwambia ukurasa wa kwanza koroga sana, ukurasa wa tatu kinakwambia usitikise, mtu anaona kama wamejichanganya. Hawajajichanganya, wamekuwa wavivu wa kueleza tu. Na maji yasiwe na harufu ya klorini, kama yananuka tumia ya chupa.

Hamira seti nyingi wanaweka EC-1118, asili yake Champagne huko Ufaransa, na hii kitu ni ngumu balaa, inafanya kazi kuanzia nyuzi 10 mpaka 30 na inastahimili kilevi hadi asilimia 18. Ndo maana watengenezaji wanaipenda, hawajui nyumbani kwako kukoje, wanataka hamira ambayo hata ukizingua itamaliza kazi. Lakini kustahimili isikudanganye, joto likipanda sana inaharakisha na kutoa harufu za ajabu, kwahiyo ile 20 hadi 24 ya kwenye karatasi iheshimu. Halafu kuchacha kwenyewe kunazalisha joto, ndani ya ndoo kunaweza kuwa na joto kuliko chumbani, pima ndani ya ndoo sio hewa ya chumba. Kama kwako kuna joto weka ndoo kwenye beseni la maji uizungushie taulo bichi, inasaidia sana kuliko watu wanavyodhani.

Na jamani msikaze mfuniko. Sukari iliyomo kwenye lita 23 ni karibu kilo 5, hamira inaigawa karibu nusu kwa nusu, nusu kilevi nusu kabonidayoksaidi, na hiyo gesi ukiipigia hesabu inapita lita 1,000. Elfu moja, kutoka kwenye ndoo moja. Fungua na dirisha.

Sasa kifaa cha maana kuliko vyote kwenye boksi zima, na ndicho watu wanakitupa kwenye droo: haidromita. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinaelea, unasoma namba pale kinapokatwa na uso wa kimiminika. Maji matupu yanasoma 1.000. Juisi yako siku ya kwanza itasoma kati ya 1.080 na 1.100 kwasababu sukari inaifanya iwe nzito. Hamira inavyokula sukari namba inashuka, ikifika 1.010 hivi unahamisha kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye chupa kubwa ukiacha mashapo chini, na mwisho kabisa inaenda chini ya 1.000, inatua kwenye 0.992 mpaka 0.996, watu wanashtuka wanadhani kifaa kimeharibika, hapana, kilevi ni chepesi kuliko maji. Ukitaka kujua asilimia toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo uzidishe kwa 131. Mfano ilianza 1.090 ikaishia 0.994, tofauti ni 0.096, mara 131 unapata kama asilimia 12.6. Basi, hapo unajua unachokunywa.

Bila hiyo namba unabahatisha. Kuna wanaotazama kidude cha hewa, kikiacha kububujika wanasema imeisha. Kinaweza kuacha kwasababu mfuniko unavuja pembeni, au chumba kimepoa hamira imelala, na kinaweza kuendelea kububujika hata kama imeisha kwasababu gesi iliyokuwa ndani inatoka polepole. Kuna wanaofuata karatasi, siku ya 14 fanya hivi siku ya 28 fanya vile, hamira haina kalenda. Isome namba siku tatu mfululizo, haijasogea na iko chini ya 1.000, hapo imeisha. Ukiziba chupa sukari bado ipo ndani hamira itaendelea na kazi humo humo, vizibo vitaruka na chupa zinaweza kupasuka. Lawama yangu kwa seti hapa ni kwamba haidromita yenyewe ina kioo chembamba kinavunjika kwa kukitazama tu, na kile kibomba kirefu cha kuweka sampuli upime hawakukiweka. Ukioda, oda haidromita mbili.

Kinachoniudhi zaidi ni suala la kutoa gesi. Waini ikimaliza kuchacha inabaki na gesi nyingi imeyeyuka ndani, ukionja inachomachoma ulimi, na mbaya zaidi gesi inayashikilia mashapo yasizame kwahiyo waini inabaki na ukungu. Karatasi inasema koroga kwa nguvu dakika kadhaa mpaka gesi iishe. Kwa kijiko walichonipa? Lita 23 kwa mkono? Thubutu. Kinachohitajika ni kile kifimbo cha kufunga kwenye drili, na hakimo kwenye boksi, unauziwa pembeni, wakati wanajua kabisa bila hicho wateja wengi wanaishia kuweka kwenye chupa waini yenye gesi. Kupima ni rahisi, jaza kichupa nusu, ziba na kidole gumba, tikisa, achia. Ikipiga psss bado. Endelea.

Na hapa ndo nataka mnielewe vizuri kuhusu vile vipakiti, maana watu wanavitazama kama makemikali ya kutisha au wanavimwaga tu bila kujua. Vingi vyake ni vya kununua muda. Waini ukiiacha kwenye chupa kubwa imejaa mpaka shingoni miezi kadhaa, mashapo yatazama yenyewe na gesi itatoka yenyewe, waini itang'aa bila wewe kufanya lolote. Lakini boksi limeahidi wiki nne, au sita, au nane, kwahiyo lazima kila kitu kisukumwe. Bentonaiti inashika protini na kuzivuta chini. Zile dawa mbili za mwisho, kizelisoli na kaitosani, moja ina chaji hasi nyingine chanya, zinakamata vumbi laini linaloelea linakuwa mabonge linazama, na kiukweli hii ni sehemu tamu kutazama, jana ilikuwa na ukungu na leo unaona taa upande wa pili. Angalizo, kaitosani inatengenezwa kwa magamba ya kaa na kamba, mwenye aleji na viumbe hao asome boksi kwanza.

Sobeiti ndo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu wanaamini inaua hamira. Haiui, inaizuia isizaliane tu, kwahiyo ukiimwaga kwenye waini inayochacha bado, hamira zilizopo zitaendelea kula kama vile hujafanya kitu. Inafanya kazi ikitiwa kwenye waini iliyokwishaisha kuchacha, pamoja na salfaiti (ile potasiamu metabisalfaiti), hasa kwenye zile seti zinazokuja na kifuko cha utamu cha kuongeza mwishoni. Salfaiti yenyewe inalinda dhidi ya oksijeni na bakteria, ni kipimo kidogo sana, robo kijiko cha chai kwa lita 23 zote, ila mwenye pumu awe makini, hasa anapoifungua pakiti na mvuke wake unapanda puani.

Kwahiyo kama huna haraka, kuna kitu unaweza kufanya ambacho karatasi haikwambii kwasababu hakiuzi maboksi: iache. Ikishaisha kuchacha, hamisha, jaza mpaka shingoni pasiwe na nafasi ya hewa, hakikisha kidude cha hewa kina maji, halafu isahau. Ukija kuijaza kwenye chupa inakuwa imetulia yenyewe na ile ya kukoroga na drili unaipita. Nimefanya zote mbili kwa seti ya aina ileile na ile iliyoachwa ni bora, wala sio kwa kubishana.

Usafi nitaupita haraka maana hauna mjadala. Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili, unaosha kwanza uchafu uondoke, ndo unapitisha dawa. Salfaiti gramu 50 kwenye lita 4 za maji inatosha, unanyunyizia kila kinachogusa waini, ndoo, kijiko, mpira, haidromita, mkono wako. Dawa ya kufulia yenye klorini usiisogeze, klorini ikikutana na ukungu wa fangasi kwenye vizibo au mbao inaweza kuzaa kile kinachofanya waini inuke kama karatasi mbichi, na kiasi kidogo ajabu kinatosha. Louis Pasteur alishaonyesha miaka ya 1860 huko kwamba waini kugeuka siki ni kazi ya vijidudu vinavyotaka hewa, kwahiyo hadi leo ni mambo mawili tu, usafi na kuzuia hewa.

Ladha sasa. Ukifungua palepale wiki sita zimeisha utakutana na kitu watu wa seti wote wanakijua, ina utamuutamu wa pipi kwa mbali, juu yake kuna harufu ya kiberiti ya salfaiti, na nyekundu inakuwa kali kama haijajipanga. Hapo ndo wengi wanakata tamaa. Nyeupe ipe miezi mitatu ndani ya chupa. Nyekundu ipe sita, na ile ya mfuko mkubwa yenye maganda ipe mwaka kama una roho ngumu, mwaloni unaingia taratibu, ukali unashuka, ule upipi unakwisha. Nyeupe yangu ikishakaa hivyo namuwekea mgeni mezani bila kutoa maelezo. Nyekundu ya mfuko mdogo hata ikae vipi inabaki kuwa waini ya kunywa na rafiki anayekupenda. Hakuna seti niliyoonja ikanifanya nisahau kabisa chupa nzuri ya dukani, ila dhidi ya zile za dukani za bei ya chini seti ya mfuko mkubwa inashinda bila jasho.

Kwa upande wa pesa, mara ya kwanza inauma kwasababu ya vifaa, baada ya hapo unanunua juisi tu na vifaa vinadumu miaka, kasoro mpira ambao ukianza kuwa na ukungu ndani tupa usijibembeleze. Vizibo nunua namba 9 na utafute mashine ya kushindilia inayosimama chini, ile ndogo ya mkononi waliyoniwekea kwenye boksi la vifaa ni adhabu, chupa 30 na ile kitu kesho yake huinui bega. Ukishaziba ziache zimesimama siku tatu hivi kizibo kitanuke, ndo uzilaze.

Anayeanza kabisa aanze na nyeupe, mfuko wa katikati, akiwa na haidromita mbili na kifimbo cha drili kabla boksi halijafika. Anayetaka kunywa mwezi ujao asinunue. Seti naipa nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa kijikaratasi na kwa kuficha vifaa vya lazima kwenye orodha ya vitu vya ziada.

Ah, na lile swali la kupofuka macho, maana halikosekani. Juisi ya zabibu ikichacha inatoa metanoli, kile kilevi chenye sumu kinachopofusha, kidogo sana, sawa na waini yoyote ya dukani, haidhuru mtu kwa njia hiyo. Balaa linakuja pale watu wanapochoma pombe (kuichemsha na kukusanya mvuke wake) bila ujuzi au wanapochanganya na vitu vya viwandani. Nchi nyingi zinakuruhusu kutengeneza ya kunywa mwenyewe na haziruhusu kuuza bila leseni, cheki sheria ya kwenu. Na ukianza kuichoma upate kali, hapo umeshatoka nje ya seti, na sehemu nyingi umetoka nje ya sheria pia.